Kifua Changu Badala ya Cha Nekesa

Jumatatu, 7 Juni 1954
Nimetoka Lwakhakha na lori, mahindi mpaka juu. Hakuna dereva Kitale hii anayeshinda matope kama mimi. Hata lori linajua. Kufika nyumbani Tuwan, Nekesa wangu macho yamezibwa na uvimbe. Miguu kama ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano. Nimeogopa.

Jumatano, 9 Juni
Hospitali. Daktari anasema ni mafigo. Nguvu ya damu inapotelea kwenye mkojo, hata ile ya kupigana na magonjwa. Uvimbe unaweza kushuka. Kinachoweza kumuua ni kikohozi cha mtu mwingine, au kidonda kidogo tu. Chumvi aache. Tunawe sabuni. Asikae penye watu wengi. Nimeitikia kwa kichwa kama mtu wa Makerere. Mimi wa darasa la nne.

Ijumaa, 11 Juni
Mama amefika kutoka Kamukuywa, wembe umefungwa kwenye leso. Ati miguu ichanjwe, maji yatoke. Ndivyo alivyofanyiwa marehemu dada yangu. Sikumwuliza dada yuko wapi. Mama akatazama miguu ya Nekesa kwa muda mrefu, akaufunga wembe tena. Nimempenda sana mama leo.

Jumapili, 4 Julai
Uvimbe umeshuka! Uso wa mtoto umerudi, mzuri kama wa babake. Tumempeleka kwa mama apumzike. Lakini huu mdomo wangu! Nimetangaza sokoni Kamukuywa ati Jumamosi nachinja mbuzi, waje wote wamwone. Mke wangu Nasimiyu hanisemeshi. Ana haki. Nimealika vikohozi vyote vya Bungoma.

Jumamosi, 10 Julai
Watu kama harusi. Nekesa ndani, Nasimiyu mlangoni kama askari. Wengine wamenuna kwa kukosa kumwona. Nikatania, wakala mbuzi, wakasahau.

Halafu akasimama Baba Mkubwa, mkubwa wa ukoo wetu. Anataka kumtemea mtoto mate ya baraka kifuani, kama desturi. Na anakohoa mpaka kofia inaruka! Kumkatalia ni kutupa baraka mbele ya ukoo mzima. Nikafungua shati.

"Baba Mkubwa, tema hapa. Shina likinyeshewa, tawi halikosi maji."

Akanitazama. "Kifua chenyewe ndicho hiki? Cha kuku?"

Watu wakavunjika mbavu. Naye akacheka, akatema. Mengi, bana. Kabla sijafunga shati Nasimiyu alikuwa ameleta sabuni na maji ya moto. Akasema, "Oga, shina." Neno la kwanza tangu Jumapili.

Jumatatu, 26 Julai
Daktari amepima mkojo. Afadhali sana. Uvimbe unaweza kurudi, amesema, kwa hiyo sabuni iendelee.

Mvua. Lori limelala. Nekesa alikuja nilipokaa, akageuza viganja vyangu, akavinusa kwanza kama vina sabuni. Kisha akapanda mapajani.