Punje Mbele ya Bikira

Bwera, 2 Machi 2025

Mutoto wangu Sylvie,

Jambo sana. Unaamkaje huko kwa baridi? Sisi tuko wazima, mbuzi amezaa, goti langu tu ndiyo inasumbua.

Tangu uniambie kazi yako ni ya mionzi, silali vizuri. Hapa watu wanasema inamaliza mutu kutoka ndani. Acha hiyo kazi, uje tuuze vitenge kwa soko ya Mpondwe. Kaka yako Maate, mwenye simu hii natumia barua, ananicheka, lakini naogopa kweli.

Mama yako,
Kavira

4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Jambo sana. Pole na goti, hongera kwa mbuzi. Mimi mzima, nakula vizuri.

Usiogope. Tunarusha viini vya atomi kwa kasi kubwa mno, vinagonga kibati chembamba na kuvunjika. Sumaku zinatuchagulia vile vipande adimu, visivyopatikana popote duniani, na kutuletea kama mwale mmoja. Vingine vinaishi pungufu ya kufumba jicho. Sisi tunakaa nyuma ya ukuta mnene wa zege, tunasoma kompyuta tu. Mashine ikizimwa, mwale umekwisha.

Kesho zamu yetu inaanza, tumeisubiri mwaka mzima. Wiki hiyo nitazima simu. Ukimya wangu usikutishe.

Binti yako,
Sylvie

Bwera, 9 Machi

Mutoto wangu,

Jambo sana. Unakula? Umenyamaza siku zote hizi.

Maate alinunua kwa wauza chuma chakavu chungu kidogo, kizito, cha madini ya risasi. Kilitoka kwa mutambo wa zamani. Amekiyeyusha kutengeneza vizito vya nyavu, wavuvi wa Katwe wanavipenda. Ndani kulikuwa punje moja ya chuma, inang'aa sana. Aliipangusa akanipa. Nimeiweka mbele ya Bikira, karibu na picha yako. Asubuhi na jioni napiga magoti pale, rozari muzima, Mungu akulinde na mionzi. Vile umenyamaza, naongeza rozari ya pili.

Vidole vya Maate vimekuwa vyekundu, labda ni ule moto. Mimi natapika. Nafikiri ni muhogo.

Mama yako,
Kavira

12 Machi

Mama, tokeni nyumbani sasa hivi! Wewe, Maate, na binti yake Martine, wote. Msibebe kitu. Ile punje ndiyo mionzi, na yenyewe haizimwi. Mtu asiiguse, asiingie. Kaeni ng'ambo ya barabara, Maate azuie watu. Wataalamu wanakuja na vifaa kutoka Kampala. Hospitali muwaambie neno hilohilo: mionzi.

Nakupigia, hupokei. Mama, nijibu!

Sylvie

Hospitali, Kasese, 19 Machi

Mutoto wangu,

Jambo sana. Ulilala vizuri? Nilipoona barua bila salamu, nilijua kuna kifo. Hata kwa matanga tunasalimiana kwanza.

Mimi na Maate tulitoka. Lakini afande wa polisi alikuja, akacheka. "Mama, punje tu? Nitaiweka mufukoni, niipeleke Kasese." Kijana yule, bibi yake iko na mimba. Nilimuomba aache, akanisukuma. Afande hakatazwi, wewe unajua. Basi nikamutangulia mulangoni. Nikaishika na koleo ya jiko, nikaitupa kwa shimo la choo kipya, nikafukia na muchanga. Wale wa Kampala walipofika, kifaa chao kilipiga kelele pale shimoni mupaka watoto wakalia.

Martine iko muzima, alikuwa akilala kwa shangazi yake siku zile. Maate amefungwa vidole. Mimi nywele zinanyonyoka, zinabaki kwa mukono. Daktari anaongea na mimi akisimama mulangoni, na akiulizwa anaangalia chini.

Wewe umesoma hesabu ya vitu hivi. Vile vyako vinaishi pungufu ya kufumba jicho. Mimi nimebakiza kiasi gani? Nijibu upesi. Salamu acha.

Mama yako,
Kavira

20 Machi

Mama yangu mpendwa,

Jambo. Jambo sana, Mama. Umeamkaje? Umekunywa hata uji? Goti linaendeleaje? Mbuzi na mwanawe, nani anawakatia majani? Maate anapata usingizi? Martine anaenda shule? Mvua imenyesha Bwera? Kahawa imechanua? Majirani wa ng'ambo ya barabara hawajambo? Na yule afande, bibi yake amejifungua?

Naogopa, Mama. Ndege yangu inaondoka leo jioni. Kuna salamu nyingi sijamaliza, nisubiri nizimalize hapo kitandani kwako.

Binti yako,
Sylvie