Mluzi wa Baba Yako

Segese, Jumatano

Mpwa wangu Eunice,

Shikamoo yako niliipata, marahaba sana. Mgongo wa mama yako Bernadina unaendeleaje? Huku tu wazima, na mimi hasa: juzi daktari alinipima presha, akaita wenzake waje waone mzee mwenye damu ya kijana.

Nimesoma kwamba Jumapili, kwenye kumbukumbu ya baba yako Gregory hapo Geita, utapiga kwa kinanda ule muziki wa Kizungu wa zamani. Babu yako aliunasa kwenye santuri za klabu ya mgodi wa Mwadui akifuta meza za mainjinia, Gregory akaurithi kwa mluzi. Unasema unaupenda kuliko muziki wote, maana kila ukifika pale muziki unapopanda unaniona nimembeba baba yako mgongoni, tunapanda duara, shimo letu la kuchimbia, kisha ananiponyoka karibu na mwanga. Unataka nisimame nisimulie.

Ng'wanone, mwanangu, nimeisimulia kwenye misiba mingapi? Mwanzo nilimbeba futi arobaini. Miaka ilivyokwenda zikawa mia mbili, na chatu mguuni. Watu walilia, nami nikalia nao. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nitaongopa tena, najijua.

Kwenye duara letu kompresa ilinguruma, ukiita husikiki, ila mluzi hupenya. Basi kila mchimbaji alikuwa na wake. Mwita, mtu wa winchi kule juu, hazungushi mpaka asikie mluzi wa mwenye zamu. Na sheria ilikuwa hivi: matimba, yale magogo yanayozuia udongo, yakianza kulia, aliyetangulia kuingia ndiye anatangulia kutoka. Wenzetu walitutania kwamba Gregory anapiga mluzi kama bwana harusi wa Ulaya, na mimi kama mtu anayeita mbwa.

Siku ile matimba yalilia saa nne asubuhi. Baba yako aliingia alfajiri. Mimi hata jasho lilikuwa halijanitoka. Kamba ilishuka kwa ajili yake. Yeye alikuwa bado anatambaa kwenye njia ya kushoto, hatua kama kumi hivi. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya kamba, na mbao inapasuka juu ya kichwa changu.

Nilijifunga. Nikapiga mluzi wa baba yako, mpaka pale unapopanda, sikukosea hata kidogo. Mwita akazungusha.

Sikumbeba mtu, Eunice.

Nikiwa katikati nilimsikia chini. Angepiga mluzi wake, Mwita angegundua, angesimamisha winchi na kunirudisha. Hakuupiga. Alipiga wa kwangu, ule wa kuita mbwa, ili Mwita adhani aliyebaki ni mimi, asisite. Aliupiga mpaka nikashika mkono wa Mwita. Kamba iliporudi chini haikufika hata nusu, udongo ukashuka. Mwita aliniuliza Gregory yuko wapi. Nikasema nilimbeba, akaniponyoka.

Sasa unajua unachokipiga. Jumapili nitapanda basi la kwanza, nitakaa benchi la karibu na mlango. Ukimaliza, ukiniita, nitasimama niseme haya haya mbele ya watu wote. Usiponiita, nitaondoka kimya, wala sitakulaumu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama yako usimsomee barua hii. Ayasikie kinywani mwangu.

Ni mimi mjomba wako,
Donatus