Ile Ndoo Niliyoificha

Mama Riziki, dada yangu,

Nianze na la kukufurahisha, maana mengine yanaudhi. Binti yako Riziki anakula. Tangu tukuzike mwaka jana analala chumba kimoja na Mumbua wangu, na darasani hesabu anawashinda wote. Mumbua naye yuko mwaka wa pili wa unesi, na ile sare imemkaa kama aliyezaliwa nayo. Ndiyo, najisifu. Si uliniambia, "Mama Mumbua, wewe unaweza kuwauzia hata Waingereza mvua"?

Basi safari hii mdomo wangu umetuponza.

Kliniki yetu ya Jumanne, pale nyuma ya kanisa Northfield, ulipokuwa ukiwatafsiria Wakongo wenzako bila malipo, bado inaishi kwa pesa za mwaka mmoja mmoja. Kila baridi ikiisha tunangoja barua ya kaunsili, halmashauri ya mji, kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Mwaka huu tukasema yatosha. Tukaomba pesa za kudumu, ziingie kwenye bajeti, nesi asiwe kama kibarua, na mgonjwa asiye na kitu ajue kwamba Jumanne ijayo mlango utakuwa wazi. Wakamtuma mama mmoja wa ofisini aje atuone.

Mgeni, Mama Riziki! Unanijua. Niliomba ruhusa kazini, kwa wazee ninaowatunza, nikapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Ile ndoo inayokinga maji ya paa linalovuja nikaificha chooni. Wagonjwa, wanaopangaga foleni mpaka nje, nikawaambia waje juma lijalo, mgeni asikute watu wamebanana. Nikapika pilau, chapati, sambusa. Nikavaa kile kitenge chako. Nikasimama na Kiingereza changu kilichonyooka, nikasema, "Sisi si watu wa kulialia. Nesi akikosekana, tunasaidiana wenyewe." Alikula, nikamfungia na za nyumbani, akanishika mikono yote miwili. Nilirudi kifua mbele!

Barua ikaja. Mumbua akaisoma, akairudia. Eti wamefurahishwa sana na jinsi jamii yetu inavyojiweza. Eti pesa zitaenda kwenye shida zaidi. Kiangazi kikiisha, kliniki ifungwe.

Nilipayuka. Nilimwita yule mama majina ambayo Mungu anisamehe. Alikula chapati zangu! Mumbua akanijibu kwa Kiingereza chake, na wagonjwa ni nani aliwafukuza? Nikamwambia akome, mimi si rika lake. Ndipo Riziki, alikuwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Mama naye alikuwaka anasema vile. Niko muzuri tu."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha vyombo kando yake.

Maana ndivyo ulivyosema, yale majuma ya mwaka jana kliniki ilipofungwa tukingoja barua ya pesa. Sindano zako za sukari zikaisha. Makaratasi yako ya kuishi hapa yalikuwa yamekataliwa, ukaogopa hospitali kubwa wasije wakakudai pesa. Nilikuuliza kwenye kwaya, ukasema niko muzuri tu, ukacheza na viatu vya kufunika vidonda. Wewe! Uliyetafsiri maumivu ya kila mtu. Na mimi, ninayeogesha wazee kila siku na kujidai namjua mgonjwa kwa macho, nikaamini, mpaka sukari ikakuondoa. Nakukasirikia, dada. Najikasirikia zaidi. Na hao wa ofisini... kwani sukari inangoja mwaka wao wa fedha?

Alhamisi watatusikiliza tena. Dakika chache tu, lakini wamekubali. Sipiki kitu. Wagonjwa nimewaambia waje wote, na vikohozi vyao, na watoto wao. Nitapanda basi na ile ndoo mapajani, na anayetaka kunikodolea macho anikodolee. Nitakiri mbele ya watu kwamba niliwaficha shida yetu, mimi, Mama Mumbua, niliyefanya nyumba yetu ionekane haina njaa. Riziki ameniruhusu nitaje jina lako. Amesema atakaa karibu nami nisije nikaanza kujisifu.

Sijui kama itatosha. Nimechoka kuomba kitu kilekile kila mwaka.

Pumzika, dada yangu. Msichana wako yuko mikononi mwangu. Na hao watu wakiniuliza hali zetu, nakuahidi, sitasema tuko muzuri.

Mimi wako,
Mama Mumbua