Nimemfanya Mke Mwenzangu Asitafutike

Bi Tausi mpendwa, shikamoo. Nisaidie mwanao kabla bamvua halijaingia, siku zile maji yanapojaa na kukupwa sana, maana mimi ni mkutubi wa chuo hapa Usagara, huku pwani, na mwaka huu nilitengeneza orodha ya hazina huria za tafiti, zile za kusoma bure, nikaiwekea kisanduku cha kutafutia ambacho hakizunguki mtandao mzima, kinatafuta kwenye anwani nilizokipa mimi tu, watu wakanisifu mpaka nikaona haya, kumbe anwani moja niliiacha kusudi, ya kituo anachofanyia kazi Zuleha, mke mwenzangu, aliyeandika juu ya ugonjwa wa mwani, kwa sababu sikutaka jina lake litokee kwenye kazi ya mikono yangu.

Wiki jana akaja Bi Mwanamkasi, mkulima wa mwani, mwani wake wote unageuka mweupe na kukatika, tukatafuta pamoja, hakikutoka kitu, akasema, "Basi mwanangu, kama wasomi hawajui, bamvua hili nang'oa vigingi, naacha kilimo," akanishukuru, nami nikamsindikiza mpaka mlangoni, na tangu hapo kila nikijilaza baada ya adhuhuri naota maji yamekupwa mpaka hayaonekani, mchanga wote umetandazwa karatasi, Bi Mwanamkasi anaokota moja moja ananipa, "Nisomee," na kila nikiisoma naona jina langu tu. Nikiiongeza anwani ile sasa, Zuleha atajua niliiacha, na mume wetu Sadalla atajua. Nifanyeje?

Mwatumu

Marahaba, Mwatumu. Wivu wa uke wenza naujua, nimelala nao miaka kumi na moja, kwa hiyo sikucheki. Lakini ebu niambie, huyo Bi Mwanamkasi aliolewa na Sadalla lini hata umuingize kwenye ugomvi wenu? Angeuliza mtandao mzima huenda angepata jibu. Amelikosa kwa kukuamini wewe, na bado akakushukuru! Huoni haya?

Ndoto hiyo haihitaji mganga. Leo, kabla hujala, iongeze ile anwani, kisha jaribu mwenyewe mpaka jina la Zuleha litokee. Umeliona? Hujafa. Sasa yatoe makala yake kwenye karatasi. Najua yameandikwa Kiingereza cha kitaalamu, Bi Mwanamkasi hawezi kuyasoma na wewe huwezi kumfafanulia. Basi mpigie simu mke mwenzako, umwambie ulichofanya, akasirike anavyotaka, halafu mpande gari moja mpaka kwa Bi Mwanamkasi. Sadalla mtamwambia mkirudi.

Mkifika, wewe piga hodi. Zuleha aseme.