Ile Pikipiki ya Picha Si Yangu

Doha,
Jumanne, baada ya kazi

Kaka Musyoka,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mwaitu mama yetu, halafu shemeji Ndinda na watoto wote, hata yule mdogo ambaye bado sijamwona. Presha ya Mwaitu inaendaje? Bado anaficha chumvi kwenye leso mkidhani ameacha? Nasikia mvua imekataa tena huko na ndengu zimekaukia kwenye maua. Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio umenifanya nichukue kalamu.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi, kama tuko enzi za babu. Lakini kila nikipiga simu mnaweka sauti ya juu, Mwaitu anaishika kama kipaza sauti cha kanisani, na boma zima linaongea kwa pamoja. Mara tatu nimejaribu kukwambia jambo hili na mara tatu nimeishia kuuliza habari za mbuzi. Ujumbe nao lazima Mwaitu asomewe kwanza. Kwa hivyo nimempa barua Kyalo, yule wa Mtito Andei tunayeishi naye chumba kimoja na kufanya kazi pamoja, anakuja likizo. Ameniapia kwamba Ijumaa atashuka njia panda ya Kasikeu na kukutia hii mkononi kabla hajafika kwao. Isome ukiwa peke yako.

Kaka, usiuze pikipiki yako. Huyo mnunuzi wa Zombe akija Jumatatu mwambie umebadilisha nia, mwambie injini imekufa, mwambie ndugu yako ni mwendawazimu, mwambie lolote lile, lakini usimpe. Ile niliyopiga nayo picha si yangu. Haijawahi kuwa yangu hata siku moja. Hakuna pikipiki iliyo melini, na hakuna ushuru wa kulipa Mombasa.

Nimeshasema. Hebu sasa nikueleze, hata kama tayari umeikunja barua kwa hasira. Ifungue tena, tafadhali.

Nilipowaambia niko kwenye biashara ya pikipiki, mlielewa kwamba nauza. Mimi nilikuwa wa kufuta vumbi dukani. Na vumbi la huku halina likizo, ukimaliza pikipiki ya mwisho ya kwanza imeshachafuka. Hiyo mliyoiona ndiyo inayosimamishwa mbele kabisa, pale kwenye kioo, watu wa barabarani waione. Imevalishwa kama zile za mashindano ya jangwani: kioo kirefu mbele, tangi jembamba, matairi ya vifundo, hadi namba kubwa ubavuni kama ya mshindani. Muuzaji wetu ana maneno yake ambayo sasa nayajua kama Zaburi. Zile kubwa, anasema, ni nzito, ukiiangusha mchangani unaita majirani. Zile ndogo zinachoka kwenye barabara kuu. Hii ni ya katikati, haikulemei na haikuaibishi. Kila kampuni siku hizi imeleta yake ya katikati yenye nguo za jangwani, na yeye mwenyewe mteja akishatoka husema vita vyote ni vya nguo na bei, maana ndani zinakaribiana.

Nilikuwa nikimsikiliza nawaza ule mchanga wa kuvuka kwenda kwa dada yetu Mbithe huko Zombe, na yale mawe ya kupandia kwetu. Nikasema kumbe kuna watu wametengeneza pikipiki ya Ukambani bila kufika Ukambani! Lakini ungewaona wanaoinunua. Kuna daktari wa meno alichukua moja, anaitoa Ijumaa asubuhi, anakwenda kunywa kahawa, anairudisha ioshwe. Mchanga haijaukanyaga. Siku ya kununua swali lake la kwanza lilikuwa kama iko ya buluu.

Siku ya picha muuzaji alikuwa ametoka kula. Kyalo akashika simu yangu akaniambia, "Panda basi! Kaa kama mtu ako na kitu!" Nikapanda. Kaka, kiti kiko juu, na hii miguu ya ukoo wetu unaijua. Nilikuwa nagusa sakafu kwa ncha za vidole tu. Kyalo akapiga, picha ikatoka nzuri, nikacheka, nikataka kushuka, nikaenda nayo chini. Mimi, niliyefundishwa na wewe kuendesha nikiwa darasa la sita, nimeangushwa na pikipiki iliyosimama, tena ndani ya nyumba. Kile kioo kirefu kikapasuka. Wiki hiyohiyo nikatolewa dukani nikapelekwa stoo kufungua makreti, na huko jua linaingia kupitia mabati kama hayapo. Wameshaniambia mkataba wangu ukiisha Disemba hawaongezi.

Hayo yote sikuyasema. Picha niliituma kwa Ndinda kabla hata sijapanda cheo cha stoo, kwa majivuno tu, na nilipopiga simu jioni nikakuta mnapiga vigelegele. Mwaitu akaniuliza, "Na hiyo utatuletea lini, mwanangu?" Ningejibu kwamba ni ya tajiri wangu. Lakini nilisikia ile furaha, na mimi siku hiyo nilikuwa nimetukanwa tangu mchana, nikasema, "Disemba, Mungu akipenda." Nikamweka Mungu kwenye uongo wangu. Jumapili iliyofuata Mwaitu akasimama kanisani kutoa ushuhuda, na Mchungaji akawaambia mnyooshe mikono upande wa Mombasa muiombee meli. Ndinda alinisimulia akicheka. Mimi nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu.

Nilidhani itaishia kwenye maombi. Halafu juzi ukaniambia umepata mnunuzi, pesa zitaikomboa ile kubwa bandarini. "Nimechoka na hii mkebe, bro," ukasema. "Wacha hata mimi nikae kwa kitu ya wanaume." Na watu nyuma yako wakapiga makofi. Kaka, nikakuuliza habari za mbuzi.

Huo mkebe ndio uliompeleka Mwaitu hospitali siku alipoanguka jikoni, na ungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Unabeba magunia ya ndengu, mitungi ya maji, Ndinda na mtoto mgongoni, na ukizimika fundi wa pale Kasikeu anaufufua kwa waya na kipande cha tyubu. Hiyo ya jangwani ina kompyuta. Taa moja tu ikiwaka kwenye dashibodi fundi wetu ataikodolea macho mpaka mwaka uishe. Kiti cha nyuma ni kama sahani. Mwaitu ungempandisha vipi, kwa ngazi? Nakwambia haya si kwa sababu ya kujitetea. Hata ingekuwa yangu ningekusihi usiuze yako.

Lakini si yangu. Sina kitu huku, Musyoka. Nina nguo, nina Biblia, na nina hofu kwamba barua hii itafika ukiwa umeshapokea arbuni. Kama umepokea, mrudishie. Asi jamani, mrudishie! Mwangukie hata miguuni. Ukiuza, boma halina mguu, na aliyelikata mguu ni mimi. Watu wa steji ya bodaboda watakucheka wiki moja kwa kubadilisha nia. Pikipiki ikienda watakucheka mpaka uhame.

Mwaitu nitamwambia mwenyewe nikifika, uso kwa uso. Usimwambie wewe. Niachie angalau hilo, nilibebe mwenyewe.

Msalimie Mbithe, mwambie hana kosa, alikutafutia mnunuzi kwa nia njema kama dada. Nisalimie shangazi wa kuuza machungwa pale sokoni, na mzee jirani anayetuchungia ng'ombe. Mchungaji msalimie sana, na ukipata njia ya upole mwambie waache kuiombea meli.

Jumapili nitapiga baada ya ibada. Sitakuuliza kitu mbele ya Mwaitu, na wewe usinitukane mbele yake, utanitukana Disemba hadi ushibe. Toka tu nje uwashe pikipiki pale karibu na mlango. Nikisikia ikinguruma, nitajua huiuzi. Nisipoisikia, nitazungumza na Mwaitu habari za mvua mpaka salio liishe.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Mutinda