Chafya za Amoni

Tanga, 9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Mguu wako unaendeleaje? Siku ya harusi uliuchezesha mpaka nikauhurumia. Na kahawa ya hapo Hasamba, imebeba vizuri? Sisi huku hatujambo, ila unyevu! Kanga nikiianika asubuhi, jioni bado ina baridi ya maji.

Naandika barua kwa sababu nyumba yetu ni vyumba viwili, na nikipiga simu Amoni anasikia kila neno. Mama, ulinizalia mume! Jana katoka kazini bandarini, kachoka, akanishikia kioo nisuke nywele. Jirani yetu Diana akapita akasema, "Nyie, hamjachokana tu?" Wiki ya saba, mama, tuchokane vipi?

Ila anapiga chafya. Leo kumi na moja mfululizo, nimehesabu. Macho mekundu, kifua kinalia kama filimbi. Nikimuuliza anasema, "Mafua tu, mke wangu." Na mimi si mvivu: naamka kabla ya jua, nafagia chumba, nakung'uta zulia, mapazia, na lile blanketi la picha ya simba ulilotununulia Tunduma. Kadiri ninavyofagia ndivyo anavyopiga chafya. Wiki ya pili sasa analala sebuleni kwenye kochi, miguu inaning'inia. Maharusi gani hawa? Nishauri mama.

Mkamwana wako,
Tukuswiga

Hasamba, 24 Machi 2025

Mkamwana wangu Tukuswiga,

Marahaba. Mguu unatembea, kahawa ipo, na mvua haijatuacha. Usingizi tu ndio umenikimbia tangu nisome barua yako.

Mwanangu hapa nyumbani hakuwa na chafya. Kwa hiyo fagia tena. Mwanamke hujulikana kwa sauti ya ufagio wake. Mimi nilipoolewa nilifagia mpaka kuku wa mama mkwe wakahamia kwa jirani. Fagia na uvungu. Madirisha funga, hewa ya bahari isiingie. Na blanketi lisitoke kitandani. Kitanda bila blanketi ni benchi.

Kahawa ikianza kuiva kama bado hajapona, nitapanda basi nije kumchukua, apumzike kwetu mpaka kifua kitulie. Usinune. Mama ni mama.

Mama Amoni

Tanga, 11 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Wazima hapo? Nisamehe kukaa kimya. Nilikuwa nakutii, halafu nikakukaidi, na vyote viwili vilinizuia kushika kalamu.

Nilifunga madirisha. Nilifagia mara tatu kwa siku. Asubuhi moja baada ya Pasaka Amoni alishindwa kumaliza kusema "chai iko wapi". Nilimkimbiza zahanati kwa bajaji huku nalia kuliko yeye. Akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akatulia. Muuguzi, dada Yunisi, akauliza, "Nani anafagia kwenu?" Nikajibu kwa kujidai, "Mimi! Mara tatu kwa siku!" Akasema, "Basi wewe ndiye unayempigisha chafya, bibi harusi."

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Akanieleza kwamba huku pwani unyevu unazaa ukungu, na ndani ya zulia, godoro na blanketi zito vinaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ufagio mkavu hauvitoi, unavirusha hewani, na madirisha yakifungwa vyote vinaishia puani mwa mume wangu. Akamuuliza Amoni kama kifua kilianza utotoni. Amoni akatazama viatu vyake.

Sasa sikia ninavyofanya. Sifagii vumbi kavu tena. Nadeki, na nafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, Amoni akiwa kibarazani kwa Diana. Mashuka na foronya kila Jumamosi nazifua kwa maji ya moto kwelikweli. Jua likitoka nafungua madirisha yote na godoro nalitoa nje. Nilipovuta kabati kutoka ukutani, mama, nyuma yake palikuwa peusi kama chini ya sufuria! Nikajifunga kitambaa puani, nikapafuta kwa siki mpaka pakawa peupe, na kabati sasa linakaa mbali na ukuta ili hewa ipite. Zulia nimeligawa.

Na blanketi la simba nimelitoa kitandani. Nimeliosha, nimelifunga kwenye mfuko. Nililikunja taratibu, maana ni mkono wako ulionipa.

Ila Alhamisi Amoni alirudi chumbani, mto kwapani, akapiga hodi kama mgeni. Nikamwambia, "Karibu, wenyewe tupo." Tafadhali mama, usije kumchukua. Njoo kututembelea.

Mkamwana wako anayekuogopa na kukupenda,
Tukuswiga

Hasamba, 22 Juni 2025

Tukuswiga,

Hujambo mwanangu? Kahawa imeiva na mimi sijapanda basi. Kimya changu si hasira ya blanketi. Ni aibu.

Nilikuandikia kwamba Amoni hakuwa na chafya. Nilikudanganya. Tangu ana miaka minne, majira ya baridi alikuwa analala amekaa, nimemwegemeza kifuani kwangu. Ni pumu. Kabla yako tulichumbia Ndalambo. Watu wa kule waliposikia kifua chake, wakarudisha posa. Mwanangu hakula siku mbili. Ulipokuja wewe nikaapa sitasema, na yeye nikamwambia aseme ni mafua. Halafu nikakusukumia ufagio, ili kosa liwe lako.

Nilitaka kumchukua mwenyewe kabla wewe hujajua ukamwacha. Sasa umejua. Niambie ukweli unachotaka kufanya.

Mama Amoni

Tanga, 4 Julai 2025

Mama,

Shikamoo, na pole na kazi ya kahawa.

Nilisoma barua yako mara tatu. Kisha nikamnunia Amoni tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, ndipo nikashindwa, maana alikuwa anachekesha. Nimempa adhabu: mwezi mzima anadeki yeye, mdomo na pua kavifunga, na mimi nakaa kibarazani kwa Diana nikimwelekeza. "Kona hiyo, bwana! Rudia!" Majirani wanakuja kutazama.

Ningeolewa naye hata kama angepiga chafya katikati ya kiapo, mchungaji akasubiri. Lakini mngeniambia, asingefika zahanati akiwa hana pumzi. Hilo limeniuma, na nimelisamehe.

Usifiche tena, mama. Mtu akikuuliza kanisani, sokoni, hata wale wa Ndalambo, wajibu kwa sauti: Amoni wangu ana pumu, na ana mke.

Mwanao,
Tukuswiga