Sauti Iliyokuwa Nyuma ya Jenereta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa kuwa shahidi ni mtoto. Nyumbani huitwa Sikio.
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: Chumba cha nyuma ya studio ya kurekodi, mtaa wa mafundi cherehani
Tarehe na saa: Jumatatu, 9 Juni, saa 4:05 asubuhi
Aliyekuwepo pamoja na shahidi: Jirani yake, fundi cherehani, mwanamke mtu mzima
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu kazi ya mtu kwa makusudi

Mimi ni mwanafunzi na ninaishi na mjomba wangu, kaka yake marehemu mama. Mjomba ni fundi sauti. Ndiye mnayemshikilia hapa tangu juzi Jumamosi. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Afande ameniambia nisubiri mtu mzima wa kukaa nami, nami sikuwa na mtu ila jirani yetu, na yeye ameacha gauni la mteja kwenye cherehani. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitawajibika. Nimeelewa.

Kwanza naomba nieleze studio yetu ilivyo, ili maelezo yangu yafuatike. Ni chumba kimoja kilichobandikwa makatoni ya mayai ukutani. Kompyuta ipo moja, na ndani yake ipo programu ya muziki ambayo Mjomba ameitumia miaka kumi na sita. Juu ya kioo cha kompyuta amebandika karatasi: KAZI IKIWA MEZANI, MASHINE HAISASISHWI. Maana yake ni kwamba wenye programu wakileta toleo jipya, hulichukui mpaka kazi ya mteja iishe. Mjomba husema toleo jipya ni kama mgeni, hujui kama anakoroma mpaka alale. Kwa sababu hiyo waya wa intaneti hauchomekwi kwenye kompyuta. Unazungushwa kwenye msumari kando ya mlango.

Mjomba huvaa hedifoni kutoka asubuhi mpaka jioni. Nikitaka kusema naye humgusa bega. Mara nyingi naona anafanya kazi ya watu, naacha kumgusa.

Mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja anayeitwa Mzee Kinanda, ambaye ndiye mlalamikaji. Aliimba nyimbo nane kwa siku tano mfululizo. Alikuwa na haraka kwa sababu daktari alimwambia kwamba atafanyiwa upasuaji wa koo na baada ya hapo hataimba tena. Alifanyiwa. Sasa huandika katika daftari dogo analolivaa shingoni kwa kamba, na akitaka kukuita hugonga meza.

Mnamo tarehe 3 Juni, Jumanne, saa 10 jioni, Mzee Kinanda alikuja kusikiliza nyimbo zake. Nilikuwepo, nafanya hesabu za shule kwenye kiti cha waimbaji. Walibishana kuhusu mwangwi ambao Mjomba aliuongeza kwenye sauti. Mzee aliandika, "Umenitia kwenye pipa."

Mjomba akasema, "Mzee wangu, huo mwangwi ndio nakshi yenyewe."

Mzee akaandika, "Niliimba chumbani. Nisikike chumbani."

"Kila mtu siku hizi anaweka mwangwi."

"Kila mtu hana jina. Mimi ninalo."

Mjomba akavua hedifoni, akasema kwa sauti kubwa, "Basi nitazifuta zote tupumzike, mimi na wewe!"

Najua maneno hayo yameandikwa kwenye faili lenu, na ni kweli aliyasema. Lakini Mjomba husema hivyo kwa kila kitu. Jiko likichelewa kushika moto husema atalitupa barabarani, na jiko lile tunalo tangu niko darasa la pili. Siku hiyo hiyo, Mzee alipoondoka, aliutoa mwangwi wimbo mmoja baada ya mwingine. Nilimwona.

(Jirani wa shahidi aliomba kusema. Alisema: "Kweli kabisa, hata mimi ameshaniambia atanivunjia cherehani." Aliombwa anyamaze.)

Sasa nasema lililonileta.

Wenye programu wana ukurasa ambapo watumiaji huandika matakwa na malalamiko. Kuna kona ya wanaotumia Kiswahili, na mimi huisoma kwenye simu wakati wa mapumziko shuleni, kwa kuwa wenzangu hukaa kwa makundi na sina kundi. Watu huandika mambo ya kuchekesha. Mmoja aliandika, "Miaka minne naomba kitufe cha kurekodi kiwe kikubwa, mmenipa rangi ya zambarau." Mwingine aliandika, "Kila mkitengeneza kitu kimoja mnavunja viwili, nyinyi ni mafundi au watoto wangu?" Huwa nacheka peke yangu chini ya ngazi.

Mimi pia niliandika. Nimeandika ombi moja mara kumi na moja tangu mwaka jana, kwa namna tuliyofundishwa kuandika barua rasmi, nikianza na kwa heshima na taadhima. Niliomba programu iweze kuitenga sauti ya mtu na kelele zilizorekodiwa pamoja nayo. Wenye programu hawakunijibu. Alinijibu mtumiaji mwenzangu anayejiita Baba Besi. Aliandika, "Hata mimi nangoja hilo, binti. Tungoje wote." Simjui. Yale maneno niliyasoma mara nyingi.

Sababu ya ombi langu ni hii. Mama aliimba wimbo mmoja tu katika studio ya Mjomba, nikiwa mchanga wa miezi minane. Siku hiyo umeme ulikatika na Mjomba aliwasha jenereta nje ya dirisha. Katika rekodi ile jenereta ndiyo inayosikika, na mama yupo nyuma yake kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya barabara ya malori. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sauti yake siikumbuki. Mjomba haufungui wimbo huo, nami sijawahi kumwuliza kwa nini.

Mnamo tarehe 5 Juni, Alhamisi, nilirudi kutoka shule saa 9:40 alasiri. Mjomba alikuwa ameenda kununua soketi za maikrofoni. Nilifungua ule ukurasa nikaona wametangaza toleo jipya, na ndani yake kuna uwezo wa kutenga sauti na kelele. Nilikaa kwanza. Nilisoma karatasi ya Mjomba juu ya kioo. Nilijua kazi ya Mzee ipo mezani. Kisha nikautoa waya kwenye msumari, nikauchomeka, nikasasisha.

Programu iliuliza kama kazi zote za zamani zibadilishwe ziendane na toleo jipya. Nilibonyeza Ndiyo. Kuuliza si ujinga, lakini sikuwa na wa kumwuliza, na nilidhani ni wimbo wa mama tu ndio utakaobadilika.

Saa 10:25 jioni ilimaliza. Nilifungua wimbo wa mama na kutumia kile kifaa kipya. Jenereta iliondoka.

Mama ana sauti nyembamba kuliko nilivyofikiri. Anavuta pumzi kabla ya kila mstari. Wimbo ukiisha kuna maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia kwa sababu ya ile kelele. Anasema, "Kaka, zima. Mtoto ameamka." Kisha zinasikika hatua, zinakuja karibu, na rekodi inakatika.

Niliusikia mara moja tu. Sikuunakili kwenye simu, kwa sababu nilikumbuka kazi ya Mzee nikaifungua kuhakikisha. Nyimbo zote nane zilikuwepo kwa majina, lakini nilipozicheza hazikutoa sauti. Niliifunga programu nikaifungua tena. Nikafunga, nikafungua mara nyingine. Kimya kile kile. Niliuchomoa waya nikauzungusha kwenye msumari, nikaingia chumbani kwetu nikajifanya nasoma.

Mjomba alirudi saa 12 na dakika kumi jioni. Aliwasha kompyuta, akafungua programu. Nilipochungulia alikuwa anautazama ule waya. Mjomba huzungusha waya kwa mkono wa kushoto, na mimi ni wa kulia. Ulikuwa umezungushwa upande usio wake. Aligeuka akaniona mlangoni. Nilitaka aniulize. Aliniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akaenda kuwasha jiko.

Mnamo tarehe 6 Juni, Ijumaa, Mjomba aliifungua tena alfajiri akahangaika nayo bila mafanikio. Saa 8 mchana Mzee Kinanda alikuja. Siku hiyo tulitoka shule mapema, nilikuwa mlangoni na begi mgongoni. Mjomba aliifungua programu mbele yake. Mzee alivaa hedifoni, akafumba macho, akangoja. Alingoja muda mrefu. Nadhani alifikiri bado haijaanza. Kisha akavua, akaandika, "Zangu ziko wapi?"

Mjomba alisema, "Nimezifuta mimi, Mzee wangu. Zilikuwa hasira."

Mzee alifungua mdomo kama anayetaka kupiga kelele, na sauti haikutoka. Mimi nilikuwa na sauti yangu nzima na sikuitumia. Hilo ndilo kosa langu la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza.

Jumamosi tarehe 7, saa 3 asubuhi, maafande wawili walikuja wakamchukua Mjomba na kompyuta. Mmoja aliiwasha kwanza akafungua programu kuona kama ni yenyewe. Mjomba alipopita karibu yangu aliniambia, "Mama, funga dirisha, mvua ikija italowesha makatoni." Nililifunga. Mvua haikunyesha.

Siku hiyo niliandika kwenye ukurasa wa malalamiko. Sikuanza kwa heshima na taadhima. Niliandika, "Nimesasisha, na nyimbo za mtu asiyeweza kuimba tena zimenyamaza. Nifanye nini?" Wengi waliandika pole. Mmoja aliandika kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Jana Jumapili, saa 7 mchana, Baba Besi aliandika hivi, nami nimeyasoma leo alfajiri na kuyanakili kwenye daftari langu la jiografia: "Hayajamwagika yote. Programu hutunza nakala kumi za akiba za kazi zote. Kila ukiifungua, hutengeneza nakala mpya na kuitupa ya zamani kuliko zote. Mtu asiifungue tena! Diski itolewe nje, nakala inakiliwe kwa kompyuta nyingine. Tumewalalamikia kuhusu hili miaka mitatu, binti. Hesabu imefunguliwa mara ngapi."

Nimehesabu. Mimi mara tatu. Mjomba jioni, moja. Mjomba alfajiri, moja. Mbele ya Mzee, moja. Afande aliyekuja nyumbani, moja. Jumla ni mara saba. Zilikuwa zimebaki nakala tatu nzima. Lakini leo nilipofika mapokezi nilimwuliza afande wa kaunta, akaniambia hapa kituoni imeshafunguliwa mara mbili, jana na leo asubuhi, ili iandikwe katika orodha ya vielelezo. Basi imebaki moja. Ndiyo maana nilikuwa nazungumza haraka pale kaunta. Haukuwa utovu wa adabu.

(Hapa mahojiano yalisimama kwa dakika nne. Mimi, koplo ninayeandika, niliondoka kwenda chumba cha vielelezo na kurudi. Kompyuta ilikuwa mezani, imechomekwa, imezimwa. Niliuchomoa waya wa umeme.)

Nimeulizwa kama Mjomba amenituma kusema haya. Hapana. Hajui kama niko hapa. Nadhani akijua atakasirika na kusema atanirudisha kwa bibi, lakini ni kama la jiko.

Nimeulizwa kwa nini Mjomba aseme amefuta yeye. Sijui. Nyumbani kwetu kuna sauti nyingi ila hatuzungumzi sana. Nadhani ndivyo alivyozungumza.

Nimeulizwa kama nataka kompyuta ifunguliwe mara moja tu mbele yangu, ili nihifadhi sauti ya mama kabla haijashughulikiwa, kwa kuwa fundi akirudisha kazi za zamani hakuna ajuaye kama ile iliyotengwa itabaki. Nimefikiri. Ikifunguliwa, nakala ya mwisho ya Mzee inatupwa. Mimi nimeshasikia mara moja. Mzee Kinanda alingoja na hakusikia hata neno. Aanze Mzee.

Nina ombi moja. Nimeandika karatasi hii kwa mkono wangu, imeandikwa USIWASHE. Naomba ibandikwe juu ya kioo, chini ya ile ya Mjomba.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, nimesomewa yote polepole na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Sikio
Sahihi ya jirani: (alama ya dole gumba, alisema miwani yake ameiacha kwenye cherehani)

MAELEZO YA OFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, kuanzia saa 4:05 hadi saa 5:50 asubuhi. Karatasi imebandikwa. Fundi wa kompyuta ameitwa kuitoa diski bila kuiwasha mashine, mbele ya mlalamikaji. Mlalamikaji, aliyekuwa ameketi kaunta tangu asubuhi, ameyasoma maelezo haya na kuandika kwenye daftari lake, "Nitangoja hapa na mtoto."

Saa 6:10 mchana niliyasoma maelezo mbele ya mtuhumiwa. Alisikiliza ameinama. Aliulizwa kama ana la kusema kuhusu waya, programu, au kauli yake ya awali. Aliomba nirudie yale maneno ambayo marehemu dada yake anayasema wimbo ukiisha. Niliyarudia mara tatu.